Nani Ana Ruhusa ya Kufuta?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tano, Kijenge

Katika nyumba nyingi za hapa Kijenge siku hizi mna kompyuta. Nyingi ni za mtumba, zilizonunuliwa mjini kwa fedha ya kudunduliza, na hiyo moja hutumiwa na watu wote wa nyumba. Baba aandika humo hesabu za duka. Mama atunza majina na michango ya wanachama wa kikoba chake. Dada aliye chuoni aandika kazi yake ya kuhitimu, nasi wa sekondari twaweka notisi na mitihani ya miaka iliyopita, na wadogo wetu wacheza michezo yao. Wote hao huingia kwa mlango mmoja, kwa jina moja na neno moja la siri, ambalo mara nyingi limeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa kando ya kioo.

Nataka kusema katika ukurasa huu kwamba desturi hiyo ni mbaya. Nataka kusema pia kwamba dawa yake imo ndani ya mashine yenyewe bila ya gharama yoyote, na kwamba wazee wetu wanaotibu ubaya huo kwa kuifungia kompyuta kabatini wamechagua dawa isiyofaa.

Kwanza yafaa tujue mambo haya yalitoka wapi. Mwaka 1969, huko Marekani, katika maabara za Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta uitwao Unix. Zama hizo kompyuta zilikuwa ghali mno, na mashine moja ilibidi itumiwe na watu wengi. Kwa hiyo mfumo ulipaswa kujua nani ni nani, mali ya nani ni ipi, na nani aweza kufanya nini. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, alianza kutengeneza Linux, ambayo hufuata njia hizo hizo za Unix na ambayo mtu yeyote aweza kuichukua bure. Tangu mwaka 2004 tunayo Ubuntu, ambayo ni Linux iliyopangwa vizuri kwa watu wa kawaida, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Mifumo ya namna hii hukubali kufanya kazi hata katika mashine kuukuu, na hiyo ndiyo sababu mojawapo mafundi huiweka katika kompyuta za mtumba.

Twaweza kudhani kwamba ulinzi wa namna hii ni wa maofisi na mabenki tu. Mimi naona kinyume chake. Nyumba ya Kijenge yenye kompyuta moja na watu saba iko karibu zaidi na hali ile ya mwaka 1969 kuliko nyumba ya tajiri ambamo kila mtoto ana kompyuta yake. Mfumo huu ulibuniwa kwa ajili ya watu wanaoshirikiana chombo kimoja. Sisi ndio hao.

Sasa tutazame kanuni zenyewe. Kila faili ina mwenyewe, na ina kikundi chake. Mfumo hugawa watu wote katika mafungu matatu: mwenye faili, watu wa kikundi, na wengine wote. Kila fungu hupewa au hunyimwa haki tatu: haki ya kusoma, haki ya kuandika, na haki ya kutekeleza, yaani kuiendesha faili ikiwa ni programu. Kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, kutekeleza 1, na haki za kila fungu hujumlishwa. Basi faili yenye namba 640 maana yake mwenyewe asoma na kuandika, kikundi chasoma tu, na wengine hawana lolote. Hesabu hiyo haimshindi mtoto wa darasa la tatu.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Hudhani kwamba wakitaka faili isifutwe, yatosha kuinyima haki ya kuandikwa. Wakisha kufanya hivyo hulala usingizi. Kumbe haki ya kufuta haikai kwenye faili hata kidogo. Hukaa kwenye folda.

Ili tuelewe sababu yake, tufikiri juu ya daftari la mahudhurio la darasa letu. Folda si kama sanduku lenye vitu ndani yake. Folda ni kama daftari lenye orodha ya majina, na kila jina laonyesha mahali faili ilipo. Kufuta faili ni kukata jina katika daftari. Mtu akitaka kukata jina, swali linaloulizwa ni hili: je, anayo ruhusa ya kuandika katika daftari? Haiulizwi kama ana mamlaka juu ya mwanafunzi mwenyewe. Vivyo hivyo katika kompyuta. Mwenye haki ya kuandika katika folda na kupita ndani yake aweza kufuta faili iliyomo, hata kama faili ile ni ya baba yake, na hata kama yeye hana ruhusa ya kusoma herufi moja ya maneno yaliyomo.

Tuseme baba ameweka hesabu zake za mwaka mzima katika folda ambayo kila mtu aweza kuandika ndani yake, na ameifanya faili yake isomwe na yeye peke yake. Mdogo wetu wa miaka minane hawezi kuifungua. Lakini akitoa amri ya rm, mashine itamwuliza tu kama kweli anataka kuifuta faili hii iliyokingwa isiandikwe. Yeye atabonyeza herufi moja ya kukubali, na hesabu zimekwenda. Wala rm haipeleki kitu kwenye pipa la takataka ambamo twaweza kukiokota kesho.

Kinyume chake pia ni kweli. Ukinyimwa haki ya kuandika katika folda, lakini ukaachiwa haki ya kuandika katika faili, huwezi kuifuta faili hiyo, ila waweza kuimwaga maneno yake yote ikabaki jina tupu. Kwa mama mwenye orodha ya kikoba, jina tupu halina faida kuliko faili iliyofutwa. Kwa hiyo anayelinda mali yake hana budi kutazama mambo mawili: nani aweza kuandika katika daftari, na nani aweza kuandika katika faili yenyewe.

Wako watakaosema: Ikiwa ni hivyo, basi folda ya pamoja haiwezekani, maana mwenye ruhusa ya kuweka chake ana ruhusa ya kuondoa cha mwenzake. Hapana, yawezekana. Wazee wa Kiarusha na wa Kimeru walilijua jambo hili kabla ya kompyuta kuzaliwa. Mifereji waliyoichimba kutoka mito ya Mlima Meru ilikuwa mali ya wote walioitumia. Kila mtu alipata maji kwa zamu yake, na wote walitoka kusafisha mfereji. Lakini kushiriki mfereji hakukumpa mtu ruhusa ya kuyakata maji ya jirani yake alipopenda, na aliyevunja zamu aliitwa mbele ya wazee kujibu.

Unix nayo ina alama ya namna hiyo, ambayo huandikwa kwa tarakimu 1 mbele ya zile namba tatu. Folda yenye alama hiyo huruhusu wote wenye haki waweke faili zao, lakini faili hufutwa au hubadilishwa jina na mwenye faili tu, au mwenye folda, au msimamizi mkuu wa mashine. Folda iitwayo /tmp, ambamo programu zote huweka vitu vyao vya muda, kwa kawaida ina namba 1777 kwa sababu hiyo hiyo. Basi na sisi twaweza kufanya folda ya nyumba, tukaiweka mikononi mwa msimamizi, tukafanya kikundi kiitwacho familia, na kuipa folda namba 1770. Watu wa nyumba wataweka humo picha za harusi, barua na nyaraka za pamoja. Mtoto atafuta vyake, na vya wengine vitamshinda.

Nimemtaja msimamizi mkuu. Huyu huitwa root, na kwake haki hizi zote si kizuizi. Asoma vya wote, aandika vya wote, afuta vya wote, hata mfumo wenyewe unaoendesha mashine. Katika Ubuntu hatuingii kwa jina lake moja kwa moja. Mtu wa kwanza kuandikishwa wakati wa kuweka mfumo hupewa uwezo wa kuazima mamlaka hayo kwa neno sudo, akitaja neno lake la siri. Wenzake wanaoandikishwa baadaye huwa watumiaji wa kawaida mpaka wapewe uwezo huo.

Mpango huu una hekima, lakini sisi huuvunja siku ya kwanza. Fundi huandikisha mtu mmoja tu, naye ni yule wa kwanza mwenye uwezo wa sudo. Kisha jina lake na neno lake la siri hupewa nyumba nzima. Kuanzia siku hiyo tuna wasimamizi wakuu saba na hatuna raia hata mmoja.

Wala tusidhani kwamba hatari ni kwa watoto na wajinga tu. Mwaka 1998 huko California, katika kampuni ya Pixar, filamu ya Toy Story 2 ilipokuwa ikitengenezwa, amri ya kufuta ilitolewa mahali pasipostahili na sehemu kubwa ya kazi ikatoweka. Nakala za akiba zilipotazamwa zilionekana kuwa na kasoro. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua mtoto. Tena tarehe 31 Januari, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, mtu mwenye ujuzi na mwenye ruhusa zote, alifuta folda ya kumbukumbu katika mashine ambayo hakuikusudia. Katika gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5 tu alipoisimamisha amri. Njia zao kadhaa za kuweka akiba zilikuwa hazifanyi kazi, ikabidi warudi kwenye nakala iliyokuwa na umri wa saa sita. Ikiwa wataalamu hao waliteleza, mwanafunzi mwenye usingizi saa tano za usiku atakuwaje? Ndiyo maana hata mwenye mamlaka makuu hastahili kuyavaa wakati wa kuandika barua na kutazama picha. Ayaazime kwa kazi maalumu, kisha ayarudishe.

Sasa nafika kwenye jambo lenye ubishi. Nani katika nyumba awe msimamizi mkuu? Desturi yetu yasema baba, kwa sababu ndiye aliyenunua, au kaka mkubwa, kwa sababu husemwa kwamba vijana wa kiume ndio mafundi. Nakubali kwamba baba ndiye mkuu wa nyumba, wala siandiki haya ili kumpunguzia heshima yake. Lakini kununua gari hakumfanyi mtu kuwa dereva. Msimamizi wa kompyuta awe ni yule aliyejifunza kuitunza na aliye mwangalifu. Kama mwangalifu wa nyumba ni dada, basi dada apewe sudo. Nimesikia wasichana wenzetu wakieleza kwamba kila wakitaka kuweka programu ya masomo hungoja kaka arudi kutoka matembezini, na yeye huwafanyia au huwanyima kama apendavyo. Haki ya namna hiyo hutolewa kwa kuzaliwa, haitolewi kwa maarifa, na shule ya serikali inayofundisha wavulana na wasichana hesabu moja haistahili kunyamaza juu yake. Tena ni vema wenye uwezo huo wawe wawili, ili mmoja akisafiri nyumba isikwame.

Lakini tukumbuke kwamba msimamizi mkuu huona yote. Aweza kusoma barua za mwenzake na shajara ya mdogo wake. Mashine haitamzuia, adabu ndiyo itamzuia. Mzazi anayetaka kujua mtoto wake afanya nini kwenye kompyuta, na haki hiyo anayo, amwite na kumwuliza, watazame pamoja. Mtoto akigundua kwamba hupekuliwa kwa siri, atahamishia mambo yake kwenye simu ya rafiki, na hapo mzazi hataona kitu.

Wako wanaosema kwamba katika familia hapana changu na chako, na kwamba kuwekeana mipaka ni uchoyo wa kigeni. Hoja hii yataka jibu la heshima, maana ina wema ndani yake. Nami najibu kwamba mipaka hii haizuii kugawana. Dada aweza kuniruhusu nisome kazi yake yote, na mimi nikajifunza mengi, bila ya kuniruhusu niifute. Tumezoea kufikiri kwamba kuaminiana ni kumpa mtu kila kitu. Katika kompyuta twaweza kumpa mtu kile hasa anachohitaji, na tukabaki ndugu.

Tutazame pia thamani ya vitu vyenyewe. Hapa Arusha, mahali paitwapo Lakilaki, huhifadhiwa kumbukumbu za Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, ambayo iliundwa mwaka 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015. Zimo karatasi, sauti, picha za video na kumbukumbu za kompyuta. Hakuna mwenye akili atakayeshauri kwamba kila aingiaye humo apewe ruhusa ya kufuta. Orodha ya mama ya kikoba haina ukubwa huo, lakini kwa wanawake waliotoa akiba yao kila juma, orodha ile ndiyo ushahidi wao. Ikipotea, fedha zaweza kuwapo na urafiki ukavunjika.

Sheria ya nchi yetu nayo haichezi na jambo hili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hufanya kuwa kosa mtu kufuta au kuharibu kwa makusudi, bila ya haki, kumbukumbu za kompyuta. Sisemi kwamba tupelekane polisi kwa ajili ya notisi za Jiografia. Nasema kwamba kijana aliyekua nyumbani akijua kuwa kila kilichomo kwenye mashine ni chake kukifuta, ataingia ofisini siku moja akiwa na tabia hiyo hiyo, na huko atakutana na sheria.

Sidai kwamba ruhusa hizi ni dawa ya kila ugonjwa. Hazimzuii mtu kufuta vyake mwenyewe. Hazizuii diski kufa wala mwizi kuondoka na mashine nzima, na mtu mjuzi aweza kuiwasha kompyuta kwa mfumo ulio kwenye flashi na kusoma diski, isipokuwa kama imefumbwa kwa siri. Kwa hiyo nakala ya akiba haina budi kuwapo, tena mahali pengine mbali na kompyuta. Na nakala hiyo ijaribiwe kufunguliwa, maana wale wa Pixar na GitLab walidhani wanazo.

Basi natoa mashauri yangu. Kwa wazazi: mwambieni fundi aandikishe kila mtu wa nyumba kwa jina lake na neno lake la siri, na wadogo wawe watumiaji wa kawaida. Neno la siri la msimamizi liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na liwekwe pamoja na hati za nyumba, lisibandikwe kwenye kioo. Kwa wanafunzi wenzangu: jifunzeni kusoma yale yanayoonyeshwa na amri ya ls -l, mjue faili zenu zasomwa na nani. Katika Ubuntu za zamani folda ya nyumbani ya kila mtumiaji ilisomwa na wote. Tangu toleo la 21.04 la mwaka 2021 zile mpya hufungwa kwa wengine, lakini kompyuta nyingi za mtumba zina matoleo ya nyuma. Na kabla ya kubonyeza rm, simameni, msome mara ya pili mko katika folda gani. Kwa walimu wetu: tunaomba kipindi kimoja tu katika muhula ujao, tufundishwe jambo hili kwa vitendo, kila mwanafunzi akijaribu kufuta faili ya jirani yake katika folda iliyo wazi, kisha katika ile yenye alama, ili aone kwa macho yake.

Kidato cha Nne wanakaribia mtihani wao wa taifa, na notisi za miaka minne za wengi wao zimo katika kompyuta za namna niliyoieleza. Kazi ya kuandikisha watumiaji saba haimalizi mchana mmoja wa Jumamosi. Asiyekubaliana nami, hasa juu ya lile la dada na sudo, namwomba amwandikie Mhariri, tumsome katika toleo la muhula ujao.